Bima ya Fundi Cherehani

Sisi ndio tunaotunza daftari la michango la mtaa wetu, hapa Tandika. Kazi hiyo hatukuiomba. Miaka minne iliyopita aliyekuwa akiifanya alihamia Kigamboni, na wazee wa mtaa wakaamua kwamba mtu anayeandika magazetini hatashindwa kuandika majina na fedha. Tangu siku hiyo michango ya harusi, ya hitima, ya misiba na ya wagonjwa hupita katika simu yetu kabla ya kufika inakokwenda. Tumejifunza mambo mengi kuhusu jirani zetu, na machache kuhusu nafsi yetu, ambayo tusingeyajua kwa kukaa barazani.

Katika Mfungo Saba uliopita tulifungua kurasa mbili za daftari ndani ya juma moja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa harusi ya kijana wa nyumba ya tatu kutoka msikitini. Ukurasa wa pili ulikuwa wa binti wa fundi cherehani wetu, mtoto wa miaka tisa mwenye selimundu, maradhi ambayo wengi mtaani huyaita sikoseli. Alikuwa amepelekwa hospitali usiku, akilia kwa maumivu ya mifupa, damu imepungua mno. Damu yenyewe, kama inavyojulikana, katika nchi yetu haiuzwi, lakini ndugu huombwa waje kuchangia ili akiba isiishe, na vijana watano wa mtaa walikwenda asubuhi yake bila kusukumwa. Hilo tuliandike mwanzo ili isidhaniwe kwamba leo tumekuja kulaumu watu tu.

Lakini vipimo, kitanda, dripu na dawa vilikuwa na bei yake. Siku ya nne hesabu ilifika shilingi 412,000. Tukatuma ujumbe katika kundi la simu, kwa maneno yale yale ambayo kila msomaji amewahi kuyapokea: salamu, jina la mgonjwa, kiasi kinachohitajika, namba ya kutumia, na ombi kwamba atakayetuma aongeze na ya kutolea. Katika siku nne tulipata 287,000. Harusi, kwa majuma matatu ya vikao, ilipata zaidi ya milioni tatu.

Mwandishi wa safu hii alitoa 50,000 katika harusi, kwa sababu kadi ya mtu mmoja ilikuwa 50,000 na hatukutaka kukosa kadi. Kwa mtoto tulitoa 10,000. Tulipoziona tarakimu hizo mbili kwa mwandiko wetu wenyewe, kurasa zikitazamana, tuliona haya, na kama ilivyo desturi ya watu wa kalamu, tukaanza kutunga kichwani makala ya kuwakemea wengine. Ingekuwa makala nyepesi sana. Israfu katika harusi, magari ya kukodi, sare za kamati, mpiga picha wa angani. Msomaji ameyasoma hayo mara nyingi, na aliyeyaandika huenda naye alikuwa na kadi mfukoni.

Kilichotuzuia ni jina moja katika ukurasa wa harusi. Katika mstari wa kumi na nne aliandikwa Fundi mwenyewe, baba wa mgonjwa: 30,000, zilizolipwa kwa mafungu matatu, fungu la mwisho siku mbili kabla binti yake hajaugua.

Tulimfuata kibandani kwake baada ya mtoto kurudi nyumbani. Alikuwa akipunguza suruali ya mtu, mguu juu ya kanyagio, macho kwenye sindano. Tukamuuliza, kwa upole tulioweza, inakuwaje mtu mwenye mtoto wa maradhi ya kudumu atoe 30,000 kwa ajili ya pilau ya watu. Hakukasirika. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akasema:

“Kaka, ile ndiyo bima yangu. Nisipokuwamo katika orodha za watu siku ya furaha, siku yangu ya dhiki nani ataniandika?”

Kisha akatupigia hesabu. Tangu mwaka uanze ametoa michango saba, jumla 145,000. Amerudishiwa 287,000, na sahani za chakula ambazo mama wa mtaa walimpelekea mkewe hospitali hazimo katika hesabu hiyo. “Mfuko gani mwingine ungenilipa hivyo?” aliuliza, akarudi kwenye suruali.

Swali hilo tulilibeba mpaka nyumbani.

Fundi hakuwa mtu wa kukataa bima ya kweli. Alikuwa nayo. Mpaka mwanzoni mwa 2023 binti yake alikuwa na Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, iliyopatikana kwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Alikuwa akiilipia katika Januari, wakati wa sare za shule, ambapo mashine yake hailali. Mwaka 2023 Januari ilimwendea vibaya, akasema atalipa mbele kidogo. Machi 2023 Mfuko ukasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja. Wazazi wakaelekezwa kwamba watoto wajiunge kwa makundi kupitia shule zao, au waingizwe katika vifurushi vya familia. Shule ya binti yake haikuwa imeandaa kundi lolote alipokwenda kuuliza, na kifurushi cha watu sita kilikuwa nje ya uwezo wake. Kadi ile ya zamani bado anayo, imo ndani ya kopo la vifungo.

Haki ituongoze kueleza pia upande wa Mfuko, kwa maana haukufanya vile kwa kuchukia watoto. Hoja yake ilikuwa kwamba wazazi wengi walikuwa wakimkatia kadi mtoto aliyekwisha kuugua, huku wale wazima wakiachwa nyumbani, na kwa hiyo matumizi yalizidi sana michango. Bima ni kapu. Likiwa na wagonjwa watupu, fedha za mwaka huisha kabla mwaka haujafika kati, na hapo hata mgonjwa mwenyewe hana pa kukimbilia. Katika hili Mfuko ulisema kweli. Sisi wenyewe tulio na watoto wazima hatukuwa tumewakatia kadi. Tulisema, kama walivyosema wengi, mtoto mwenyewe haumwi.

Ila ukweli huo una shimo katikati. Mtoto wa selimundu hazaliwi mzima ili baba yake apate nafasi ya kumwandikisha kabla ya kuugua. Anazaliwa nayo, kwa kurithi kutoka kwa baba na mama ambao mara nyingi wote wawili hawana dalili yoyote. Wataalamu wanakadiria kwamba hapa Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa na maradhi haya kila mwaka. Kumwambia mzazi wa mtoto kama huyo kwamba kosa lake ni kumsajili mgonjwa ni kumtaka awe na mtoto mwingine. Dawa ya kapu lenye wagonjwa watupu ni kuwaingiza wazima, na wazima hawaingii kwa hiari yao wenyewe. Sisi ni mashahidi wa hilo.

Jambo hili halijawahi kuwa dogo katika siasa za nchi yetu. Wazee wanakumbuka kwamba maradhi yalitajwa pamoja na ujinga na umaskini kuwa maadui watatu wa taifa changa, na kwamba baada ya Azimio la Arusha la 1967 zahanati zilisambazwa vijijini, matibabu yakawa hayana malipo. Mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zilipigwa marufuku kabisa. Uchumi ulipoanguka, zahanati zilibaki zimesimama bila dawa, na asiyekuwa na kitu akawa anapata bure kitu ambacho hakipo. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 kukaja utaratibu wa wananchi kuchangia gharama. Neno lilikuwa zuri, kuchangia, kana kwamba tunakwenda harusini. Ndipo baadaye ikaja mifuko: wa afya ya jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, na wa watumishi wa umma, uliowekwa kwa sheria ya 1999.

Muswada wa bima ya afya kwa wote ulipofika Bungeni mwaka 2022, kiasi kilichokuwa kikitajwa ni shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Bunge liliupitisha Novemba 2023 baada ya kuurudisha nyuma, swali kubwa likiwa ni lile lile: nani atawalipia wasioweza? Sheria ikawepo, na mwaka 2024 utekelezaji wake ulikuwa bado ukisubiriwa. Nyumba ya Fundi ina watu sita kamili. Tulipomtajia kiasi hicho hakushtuka kama tulivyotarajia. Aligawanya kwa kumi na mbili, akapata 28,000 na ushei, akasema kwa mwezi wa Juni hana, kwa mwezi wa Septemba hana, lakini kwa Januari na kwa mwezi wa Shaaban, watu wanapotaka kanzu za Ramadhani na Idi, angeweza kulipa za miezi mitano kwa mkupuo.

Hapa ndipo wenye kutunga sera wangefaa kuketi kibandani kwa Fundi asubuhi moja. Mshahara wa mtumishi hukatwa juu kwa juu, hata hauoni. Wengi wetu hatuna mshahara. Mkulima wa korosho wa Mtwara hushika fedha Oktoba na Novemba minada inapoanza. Anayeuza maji ya kandoro hushika fedha wakati wa jua kali na hulala njaa wakati wa masika. Mama ntilie karibu na shule hufunga biashara shule zikifungwa. Kila mmoja ana mwezi wake. Anayekwenda kukusanya bima katika mwezi usiokuwa wake atarudi akisema wananchi hawataki bima.

Na mwaka 2024 miezi yote ilikuwa na visa vyake. Tulianza na mgao wa umeme uliomfanya Fundi arudie pasi ya mkaa. Februari sukari iliadimika hadi ikapita shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakaingia Ramadhani wakihesabu vijiko. Machi baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kupokea kadi za Mfuko kwa mzozo wa bei mpya za huduma, hata wale wenye bima mkononi wakaonja uchungu wa mlango kufungwa. Msomaji anayafahamu haya. Tunayataja kwa sababu kila moja lina alama yake katika daftari letu. Juma la sukari, mchango wa mgonjwa mmoja ulikwama kwa siku tisa.

Alama nyingine ni ya zamani kidogo. Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, tuliona michango ya wagonjwa ikikatwa njiani kwenda hospitali. Watu walilalamika, tozo ikapunguzwa kwa hatua. Serikali nayo ilisema fedha zile zinajenga vyumba vya madarasa na vituo vya afya, na vituo vimejengwa, tumeviona kwa macho. Basi ikawa sadaka ya jirani kwa mgonjwa wa leo inamegwa ili kumjengea mgonjwa wa kesho. Hatujui hata leo kama tuseme ilikuwa dhuluma au ilikuwa bima iliyokosa jina. Tunachojua ni kwamba aliyekatwa zaidi kwa wingi wa miamala alikuwa yule anayetumiwa kidogo kidogo na watu wengi, maana ndivyo maskini anavyosaidiwa.

Turudi kwenye swali la Fundi: mfuko gani mwingine ungemlipa hivyo? Kwake yeye, hakuna. Ni mtu wa watu. Anawashonea nusu ya mtaa, anaswali safu ya kwanza, ana simu ya kupangusa na yumo katika makundi yote. Bima yake ni uso wake unaojulikana.

Mtaani kwetu, nyumba ya mwisho kabla ya mfereji, alikuwapo mama mmoja mjane aliyeuza maandazi. Alikuwa na simu ya kitochi, kwa hiyo hakuwamo katika kundi. Hakuwahi kutoa mchango wa harusi, na hakuna aliyemwomba. Alikuwa na presha. Alikuwa akinywa vidonge akiwa navyo, na kuviacha akiwa hana, na sisi tuliokuwa tukinunua maandazi yake kila alfajiri hatukuwa na habari, kwa kuwa maandazi hayakubadilika. Umri wake, kwa jinsi mwanawe alivyotueleza baadaye, ulikuwa miaka 58. Sera ya afya inawasamehe malipo wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi, wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, na wenye baadhi ya maradhi ya kudumu. Alikuwa amebakiza miaka miwili kufika kwenye dirisha la wazee, na hata lile dirisha, kama wajuavyo wenye wazazi, hukupa daktari bure na kukupa karatasi ya kwenda kununua dawa nje.

Katika mwezi wa Shaaban alianguka jikoni kwa kiharusi, mafuta yakiwa motoni. Alifariki siku ya pili.

Habari ilitufikia baada ya Alfajiri. Kabla ya Adhuhuri tulikuwa na 640,000. Sanda, usafiri, chakula cha msiba, kila kitu kilipatikana na chenji ikabaki. Watu ambao hawakuwahi kujua jina lake walituma 20,000, na ya kutolea juu yake. Hatukuwahi kuona ukurasa ukijaa kwa kasi ile.

Jioni ya msiba tulimuuliza mwanawe vidonge vile viligharimu kiasi gani. Alisema alipokuwa akivipata vyote havikuzidi 5,000 kwa mwezi. Tuliketi na daftari na kugawanya, kisha tukafunga daftari. Msomaji anaweza kugawanya mwenyewe.

Mchango wa mtaa, pamoja na wema wake wote, una masharti mawili ambayo hayajaandikwa popote: ujulikane, na hali yako iwe imeshakuwa mbaya. Unamwona aliyelazwa, haumwoni anayeruka vidonge. Na kwa msiba uko tayari kuliko ulivyo tayari kwa maradhi, kwa sababu maiti hana siri tena ya kuficha wala hana deni la shukrani.

Waislamu wa zamani waliliona tatizo hili wakalitafutia njia, na njia yenyewe ilikuwa kuweka mali pembeni kabla mgonjwa hajajulikana jina. Ndiyo maana ya wakfu. Mjini Cairo, miaka ya 1284 na 1285, Sultani Qalawun alijenga hospitali iliyoendeshwa kwa mapato ya mali zilizowekwa wakfu. Walitibiwa humo matajiri na mafukara, na wanahistoria husimulia kwamba mgonjwa alipotoka alipewa na fedha kidogo ili asilazimike kukimbilia kazini kabla hajapata nguvu. Ibn Battuta, aliyepita Cairo mwaka 1326 na miaka michache baadaye akafika Mombasa na Kilwa, aliisifu sana. Huyo huyo anasimulia kwamba Damascus alikuta wakfu wa vyombo vilivyovunjika: mtumwa mdogo aliyeangusha sahani ya bwana wake aliokota vipande, akavipeleka kwa msimamizi, akapewa fedha ya kununua nyingine. Hapana shaka aliyeweka wakfu ule aliwahi kumwona mtoto akipigwa kwa ajili ya sahani.

Wala si lazima twende mbali hivyo. Anayeingia Muhimbili leo atakuta jengo la wodi linaloitwa Sewahaji. Jina hilo ni la Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwislamu wa asili ya Kihindi aliyeishi Bagamoyo, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alitoa mali yake kujenga hospitali ya wenyeji Dar es Salaam, na ndiyo mizizi ya Muhimbili. Wangapi wamelala katika wodi hiyo wakidhani ni jina la daktari?

Hatusemi kwamba wakfu na sadaka vichukue nafasi ya dola. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na nchi yetu, kama nyingi zilizoahidi, haijafika hapo. Upasuaji wa moyo na matibabu ya saratani havitalipwa na makapu ya misikitini. Ahadi ile ni deni, na mdai wake ni yule mama wa maandazi.

Kuna jambo la karibu zaidi, nalo lina tarehe. Oktoba 2024 tulijiandikisha kwa uchaguzi wa serikali za mitaa, uliopangwa kufanyika Novemba 27 mwaka huo. Wengi waliudharau uchaguzi huo wakisubiri ule mkubwa wa 2025. Lakini mtu asiyejiweza anapoomba msamaha wa malipo hospitalini, ofisi ya ustawi wa jamii humtaka alete barua kutoka mtaani kwake inayothibitisha hali yake. Rais haiandiki barua hiyo, wala mbunge haiandiki. Huiandika serikali ya mtaa. Mwenyekiti asiyeijua nyumba ya mwisho kabla ya mfereji hawezi kuithibitisha, na anayedai kitu kidogo ili agonge muhuri amekwisha kumtoza mgonjwa kabla hospitali haijamtoza. Wagombea watakapopita kuomba kura, tutawauliza swali moja tu: mwaka huu mtaa wetu ulikuwa na watu wangapi waliostahili barua ile, na wangapi waliipata? Tunashuku kwamba wengi watatujibu kuhusu barabara.

Na sisi, Ijumaa iliyopita baada ya Isha, tuliitisha kikao. Tulipendekeza kapu jipya, mbali na daftari la harusi na misiba: shilingi 2,000 kwa kila nyumba kila mwezi, mgonjwa awepo au asiwepo, kwa ajili ya vidonge, nauli ya hospitali na vipimo vidogo. Atakayetaka kulipa ya miezi sita kwa mara moja katika msimu wake, aruhusiwe. Wenye simu za kitochi wafuatwe mlangoni. Kati ya nyumba 60 zilikubali 23, ambazo ni shilingi 46,000 kwa mwezi. Ni kidogo hata kutamka.

Tulidhani ugumu ungekuwa kwenye fedha. Ukaja kwingine. Bwana mmoja, mtu wa heshima na mtoaji mzuri, alisimama akauliza kama Fundi naye ataingia. Akasema hana neno naye, ila kila mtu anajua hali ya binti yake. “Huyu peke yake atalimaliza kapu kabla ya Ramadhani.” Kikao kikanyamaza. Fundi alikuwapo, ameketi karibu na mlango, na alitazama mkeka.

Yalikuwa maneno yale yale ya Mfuko wa Taifa, tuliyoyalaani mtaani mwaka mzima, sasa yanatoka kinywani mwetu, ndani ya kikao cha watu wasiozidi thelathini wanaofahamiana tangu utotoni.

Aliyejibu hakuwa sisi. Alikuwa mzee mmoja ambaye kwa kawaida husinzia vikaoni. Alimuuliza yule bwana ana watoto wangapi. Akasema watano. Akamuuliza ni wangapi kati yao amewahi kuwapima damu kujua kama wamebeba hiyo sikoseli, maana kesho wataoa na kuolewa. Bwana yule akasema hajampima hata mmoja. Mzee akauliza waliobaki, mmoja mmoja, akizunguka msikitini kwa fimbo yake. Alipotufikia sisi tulitoa jibu lile lile.

Fundi aliandikwa wa kwanza. Yule bwana bado hajazungumza nasi tangu siku hiyo, ila Jumatatu asubuhi alituma 12,000, za miezi sita, na ya kutolea.